Kompyuta Alikuwa Mtu

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, studio yetu hupata simu za wazazi wenye swali moja: mtoto asomee kazi gani katika fani hii ya habari na kompyuta, ambayo haitamezwa na mashine baada ya miaka kumi? Mimi si fundi wa mitambo. Stashahada yangu ni ya uandishi wa habari. Hata hivyo, swali hilo si geni. Waliokumbana nalo zamani kabla yetu ni wanawake wa jimbo la Virginia, Marekani.

Neno kompyuta, kwa Waingereza wa karne ya 17, lilikuwa jina la mtu, yaani mpiga hesabu. Mwaka 1935 kituo cha utafiti wa ndege cha Langley, huko Virginia, kilianza kuajiri wanawake kwa kazi hiyo. Wahandisi walileta vipimo vya majaribio yao, na kanuni ndefu ya hesabu ikagawanywa katika hatua fupi fupi: hatua ya kwanza safu ya kwanza, ya pili safu ya pili, mpaka karatasi ijae. Kisha mwingine alirudia hesabu zile zile kuzihakiki. Ilikuwa kazi ya kuumiza macho, na waliohesabu walichukuliwa kuwa wasaidizi tu.

Desemba 1943 alifika hapo Dorothy Vaughan, Mmarekani mweusi mwenye umri wa miaka 33, ambaye alikuwa mwalimu wa hisabati. Mwaka 1941 Rais Roosevelt alikuwa amekataza ubaguzi katika ajira za viwanda vya ulinzi. Bila amri hiyo mlango usingefunguka. Na hata ulipofunguka, wapiga hesabu weusi walitengewa ofisi yao, vyoo vyao na meza yao ya kulia. Mwaka 1949 Vaughan alikabidhiwa uongozi wa kitengo hicho.

Basi katika miaka ya 1950 zikaja mashine za IBM, ambazo zilimaliza kwa muda mfupi hesabu za siku nyingi. Vaughan hakungoja barua ya kupunguzwa kazi. Alijifunza FORTRAN, lugha ya kuiamuru mashine ambayo IBM iliitoa mwaka 1957, akawafundisha na wenzake. Hapa naomba tutulie kidogo. Mama huyu hakuanza upya. Kugawa kanuni katika hatua fupi ndiko kuandika programu kwenyewe; kilichobadilika ni kwamba hatua zile sasa zilitobolewa kwenye kadi badala ya kujazwa kwenye safu za karatasi. Alistaafu mwaka 1971.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1974, serikali yetu hapa Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na seti za televisheni. Kompyuta tulikuwa nayo tangu mwaka 1965, pale Wizara ya Fedha. Lakini mradi wa kuweka hesabu za serikali kwenye mashine ulivurugika, fedha zikapotea, na wengi wa walioielewa mitambo hiyo walikuwa wageni. Siwalaumu wakubwa wa siku zile kwa kuogopa hasara, maana fedha za kigeni zilikuwa adimu. Ninachohoji ni dawa waliyoichagua. Serikali ilikuwa na makarani walioijua leja nje ndani. Kwa kipimo cha Langley, hao ndio waliokuwa karibu kabisa na kazi ya kuandika programu. Mlango ulifungiwa mashine, na makarani wakafungiwa pamoja nayo.

Kijana aliyemaliza kidato cha sita mwaka ule wa marufuku alikuwa anakaribia miaka arobaini pale kompyuta zilipoanza kuzoeleka katika ofisi za Dar es Salaam, miaka ya 1990. Wapo watakaosema alikuwa amechelewa. Lakini Dorothy Vaughan alikuwa na miaka 47 hivi FORTRAN ilipotoka. Tofauti ni kwamba yeye na wenzake walikaa darasani pamoja, wakifundishwa na mtu aliyeijua kazi yao ya zamani. Makarani wetu, ofisi ngapi ziliwakalisha hivyo?