Malkia na Somo Yake

Katika mtaa mmoja wa Kariakoo fundi wa fremu alitundika mlangoni pake picha ya mwanamke mwenye taji, na nyuma yake gurudumu. Mama mmoja akapita, akasema, "Huyu ni Mtakatifu Katarina." Fundi akajibu, "La, mama, ni malkia, tazama taji." Nami nalisimama kusikiliza, maana wote wawili walisema kweli.

Taji halikati shauri. Katarina wa Iskanderia naye yasimuliwa kuwa binti wa mfalme. Kaisari akaamuru auawe kwa gurudumu, nalo likavunjika, ndipo akakatwa kichwa. Lakini picha hiyo, iliyochorwa na Titian yapata mwaka 1542, nayo imo katika nyumba ya Uffizi mjini Florence, ni sura ya Caterina Cornaro, malkia wa Kupro. Alizaliwa Venice mwaka 1454, akaozwa Mfalme James wa Pili. Mume akafa 1473. Mwana wao akafa 1474, angali mchanga. Akatawala peke yake hata 1489, wakuu wa Venice walipomshurutisha kuwaachia kisiwa, wakampa mji mdogo wa Asolo. Akafa 1510. Basi alipochorwa, alikuwa kaburini miaka 32.

Kiswahili kina neno la kufumbua jambo hili: somo. Watu wa jina moja huitana somo, na Wakristo humwita hivyo mtakatifu waliyepewa jina lake katika ubatizo. (Pwani somo ni pia mama amfundaye mwari.) Mchoraji alimvika malkia alama za somo yake. Ajabu ni kwamba malkia twajua miaka yake yote, bali habari za mtakatifu wataalamu wazitilia shaka. Kanisa la Roma liliiondoa sikukuu yake katika kalenda mwaka 1969, likairudisha 2002.

Wengine wataona ni makufuru kumpa mwenye dhambi sura ya mtakatifu. Mimi sioni hivyo. Kinachonichoma ni kwamba mji uliomvua taji akiwa hai ndio mji wa mchoraji aliyemvisha tena akiisha kufa, wakati taji halikuweza kumdai mtu kisiwa.

Mama yule akauliza bei, akasema atarudi mwisho wa mwezi. Kisha akanigeukia: "Mwalimu, nikimpelekea padre aibariki, nimwambie ni nani?"

Nikamwambia, "Mwambie ni Katarina."