Notari na Sharti la Uraia
Nchini Uingereza, notari, yaani ofisa anayethibitisha saini, viapo na hati, aliteuliwa kwa mamlaka ya Papa hadi sheria ya mwaka 1533 ilipomkabidhi Askofu Mkuu wa Canterbury mamlaka hayo, na sheria ya 1801 ikamtaka mwombaji ajifunze kazi kwa miaka 7 chini ya notari mzoefu. Marekani ilirithi cheo hicho bila uzito wake, kwa kuwa kila jimbo lilijiwekea masharti yake, na kwa kawaida shahada ya sheria haikuhitajika. Texas ilidai uraia, sharti ambalo Mahakama ya Juu ya Marekani ililitengua mwaka 1984 kwa kura 8 dhidi ya 1, kwa hoja, iliyo ya haki kabisa, kwamba notari hutekeleza kazi ya kiofisi wala hatungi sera za dola, hivyo mgeni mkaazi halali hastahili kuzuiwa kwa sababu ya uraia pekee.