Takataka Zinazolea Mimba

Mtaa wa Syokimau, kando ya Barabara ya Mombasa, umebeba jina la mtabiri mwanamke wa Kikamba wa karne ya 19. Husimuliwa kwamba alimwona nyoka mrefu wa chuma akitoka baharini hata kabla reli haijaanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Sayansi ya uzazi nayo ilipata mtabiri wake, mwanamke vilevile.

Mwaka 1961 Mary Lyon, mtaalamu wa jenetiki wa Uingereza, alichunguza mabaka ya rangi kwenye manyoya ya panya majike akatoa hoja nzito: kila seli ya jike huzima kromosomu X moja kati ya mbili alizorithi, na uamuzi huo hupitishwa mapema, kiinitete kingali kichanga. Kinachozima ni nini? Jibu lilisubiri miaka 30. Mwaka 1991 iligunduliwa jeni iitwayo XIST, na ajabu yake ni kwamba haitengenezi protini yoyote. Hutoa RNA ndefu inayobaki ndani ya kiini cha seli, ikaigandama kromosomu X mpaka inyamaze.

Shuleni tulikaririshwa kwamba RNA ni tarishi tu, hupeleka maagizo ya DNA kwenye kiwanda cha protini. Isiyopeleka kitu ilionekana haina kazi. Tangu 1972, mtaalamu wa jenetiki Susumu Ohno alipoieneza hoja ya DNA takataka, yaani isiyo na kazi, wengi waliridhika nayo, na ramani ya jenomu ya binadamu ilipoonyesha kwamba sehemu inayounda protini haifiki asilimia 2, takataka ikawa karibu kila kitu! Naona huo ulikuwa uvivu wa kufikiri. Watafiti Victor Ambros na Gary Ruvkun walikwisha kueleza mwaka 1993 jinsi kipande kidogo mno cha RNA kinavyoongoza ukuaji wa mnyoo, lakini wengi walidhani ni vituko vya mnyoo tu. Tuzo ya Nobel waliipata 2024.

Kwa binadamu, uchunguzi wa RNA ndani ya viinitete ulingoja maabara za kurutubisha mayai nje ya mwili. Louise Brown alizaliwa Oldham, Uingereza, Julai 25, 1978. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2006, kupitia kazi ya Dkt. Joshua Noreh jijini Nairobi.

Kinachotokea ndani ya kisahani cha maabara ndicho kiini cha habari hii. Siku mbili za kwanza kiinitete huishi kwa akiba ya RNA ambayo mama aliiweka ndani ya yai. Yapata siku ya tatu, kikiwa na seli 4 hadi 8, jeni zake chenyewe huamka. Mtafiti Peter Braude na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1988. Mwaka 2013 watafiti wa China, wakisoma seli moja moja, walikuta humo RNA ndefu zisizounda protini zaidi ya 2,700 ambazo hazikuwa zimeorodheshwa. Baadhi ya RNA za aina hii hutokana na mabaki ya virusi vilivyojipenyeza katika DNA ya mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita. Na binadamu si panya: katika siku hizo za mwanzo XIST huwaka hata kwenye viinitete vya kiume, wala X haizimwi papo hapo.

Pamoja na maarifa yote hayo, kliniki kwa kawaida bado hupima kiinitete kwa macho: kina seli ngapi, zimelingana vipi. Takriban nusu ya mayai yaliyorutubishwa maabara hayafiki siku ya tano, mara nyingi kwa hitilafu za kromosomu au kwa sababu jeni hazikuamka ipasavyo. Basi mawifi na mama wakwe, msimlaumu mke. Kiinitete kilichokwama siku ya tatu hakikukwama kwa kazi aliyofanya, chakula alichokula, wala laana ya mtu.