Mlango wa suluhu uliofungwa mwaka 1930

Muuza matimba wa Katoro anaijua hundi iliyodunda kwa kuiona tu. Karatasi ni ileile aliyoikunja mfukoni wiki iliyotangulia: tarehe, jina lake, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, saini ya mwenye duara, yaani mmiliki wa shimo la uchimbaji. Kilichoongezeka ni muhuri wa benki unaomtaka arudi kwa aliyeiandika. Matimba yake, yaani magogo, yameshashushwa shimoni, yanazuia kuta zisiwaporomokee wachimbaji, na hakuna atakayethubutu kuyang'oa.

Akitoka benki ana njia mbili. Ya kwanza ni kesi ya madai, na sheria imempa upendeleo: Kanuni ya Mwenendo wa Madai ina utaratibu wa mkato kwa hundi, ambapo mdaiwa hana ruhusa ya kujitetea mpaka aiombe mahakama na kukubaliwa. Ya pili ni kituo cha polisi. Wafanyabiashara wa Kahama, Geita na Masumbwe huvutwa zaidi na ya pili, kwa sababu mtu anayeogopa mahabusu hutafuta pesa upesi kuliko anayesubiri tarehe ya kesi. Hundi ikishaingia huko, shauri linasomwa kwa kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Kifungo chake kinaweza kufika miaka saba.

Si kila hundi inayodunda ni jinai. Kifungu cha 301 kinataka udanganyifu uhusu jambo lililopita au lililopo. Ahadi ya kesho haimo. Ndiyo maana hundi ya tarehe ya mbele, ambayo mpokeaji alijua fika kwamba siku anaipokea akaunti haikuwa na kitu, imekuwa mwiba kwa waendesha mashtaka. Lakini tuseme ushahidi umetosha, mwenye duara alijua hana pesa na akasema anazo, hakimu amemtia hatiani na amekwenda gerezani. Hapo ndipo ndugu wanapoamka. Ng'ombe wanauzwa, karasha ya kusagia mawe inauzwa, marudio, yaani mabaki ya mchanga uliochenjuliwa, yaliyokuwa yakisubiri mteja yanauzwa kwa bei ya kutupa, na deni linaletwa lote. Muuza matimba anapokea, anasaini, anasema yaishe. Yeye alitaka hela yake, na mfungwa hamfaidii kitu.

Je, mahakama inaweza kusema yaishe pia? Ili kujibu swali hilo inabidi turudi miaka zaidi ya 100.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia hawakuja na sheria mpya mkononi. Mwaka 1920 waliingiza sheria za India kwa mkupuo: ya adhabu, ya mwenendo wa jinai, ya ushahidi, ya mikataba. Katika ile ya mwenendo wa jinai, iliyotungwa India mwaka 1898, kilikuwamo kifungu cha 345. Kiliorodhesha makosa ambayo aliyekosewa angeweza kuyamaliza kwa kupatana na mkosaji, mengine kwa hiari yake, mengine kwa ruhusa ya mahakama. Kilikwenda mbali zaidi. Hata mtu aliyekwisha kutiwa hatiani, rufaa yake ikiwa bado inasubiri, angeweza kupatana na mlalamikaji mradi mahakama ya rufaa iridhie. Na mapatano yakishakubaliwa, mshtakiwa alihesabiwa ameachiwa huru.

Kwa miaka kama kumi, basi, suluhu baada ya hukumu ilikuwa na makao rasmi katika sheria za Tanganyika. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ikaziondoa sheria za jinai za India na kuweka zake, zilizofuata mfano uliotumika katika makoloni mengine ya Uingereza. Orodha ya makosa ya kupatana ikatoweka. Uhuru haukuirudisha. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliweka, kwenye kifungu cha 163, ruhusa kwa mahakama kuhimiza upatanisho katika shambulio la kawaida au kosa lingine la binafsi, endapo maslahi ya umma hayadai adhabu, na kisha kuusimamisha mwenendo wa shauri. Ni kifungu chema, lakini kinazungumzia shauri linaloendelea. Lililokwisha kuhukumiwa halina mwenendo wa kusimamishwa. Kifungu cha 348 nacho kinairuhusu mahakama kuamuru fidia kwa aliyedhurika, ila fidia hiyo inakuja juu ya adhabu, haichukui nafasi yake.

Mwenye duara aliyelipa akiwa ndani anabaki na rufaa. Jaji anaweza kutazama malipo hayo na kupunguza kifungo. Hatia inabaki palepale, kana kwamba deni halikuguswa.

Hayo yanatokea katika nchi ya Wasukuma, watu ambao taratibu zao zilitegemea kulipa na kurudishwa. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyefanya kazi chini ya serikali ya kikoloni, alizikusanya sheria hizo katika kitabu cha mwaka 1953, nazo zimejaa ng'ombe wa fidia kwa kosa hili na lile. Miaka ya 1980 ilipofika, baada ya vita vya Kagera, silaha zilizagaa na wizi wa mifugo ukazidi. Vijiji vya Kahama na Shinyanga vikajiundia sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji wenyewe, karibu mwaka 1982. Nguvu yao kubwa ilikuwa faini na kutengwa, zaidi ya mishale waliyobeba. Aliyekutwa na kosa alitozwa. Akikataa, hakuna aliyezungumza naye, aliyempa moto wala aliyemsaidia msiba. Akilipa, aliketi tena na wenzake.

Sifa hizo zisitufiche ubaya. Palikuwa na vipigo, na watu waliosingiziwa uchawi waliumia mikononi mwao bila wakili na bila rufaa. Sitamani muuza matimba apeleke hundi yake kwa sungusungu. Ninachokitazama ni kwamba mwanakijiji wa Bukombe au Msalala anaelewa tangu utotoni kwamba hatia ikishathibitishwa ndipo mazungumzo ya malipo yanapoanza, na mahakama inamwambia hapo ndipo yanapokwisha.

India yenyewe, ilikotoka orodha ile, haikuuacha utaratibu wake wa mapatano. Ililifanya kudunda kwa hundi kuwa kosa maalumu kuanzia Aprili 1989, na kesi zikafurika mahakamani. Bunge lao likatamka mwaka 2002 kwamba kosa hilo linaweza kumalizwa kwa mapatano. Mwaka 2010, katika shauri la Damodar Prabhu, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikapanga gharama za kuchelewa: aliyepatana mwanzoni kabisa hakulipa kitu, aliyechelewa mbele ya hakimu alilipa asilimia 10 ya hundi, aliyefika ngazi iliyofuata asilimia 15, aliyefika juu kabisa asilimia 20. Fedha hizo zilikwenda kwenye msaada wa kisheria. Mkosaji analipa deni, analipia pia muda aliowapotezea watu.

Jirani zetu Kenya wana kosa la hundi mbaya lenye adhabu isiyozidi mwaka mmoja au faini ya shilingi 50,000, au vyote viwili. Falme za Kiarabu, ambako Waafrika Mashariki wengi hufanya biashara, zililegeza sheria yao mwaka 2022: hundi kukosa fedha peke yake kwa kawaida si jinai tena, na mwenye hundi huenda moja kwa moja kwenye utekelezaji.

Hapa nyumbani mwelekeo wa suluhu umekwisha kukubalika, tena kwa makosa mazito kuliko haya. Katiba yetu, katika ibara ya 107A iliyoingizwa mwaka 2000, inaziagiza mahakama zikuze usuluhishi na zitoe fidia kwa waliodhurika. Septemba 2019 Rais Magufuli aliwapa watuhumiwa wa uhujumu uchumi nafasi ya kukiri na kurejesha fedha, na Mkurugenzi wa Mashtaka akapokea maombi ya mamia ya watu waliokuwa tayari kulipa zaidi ya shilingi bilioni 100. Mwaka huohuo sheria ikaruhusu makubaliano ya kukiri kosa. Yote hayo hufanyika kabla ya hukumu, na serikali ndiyo iko mezani. Ikiwa aliyetuhumiwa kuhujumu nchi anaweza kulipa akaenda nyumbani, sioni haki ya kumnyima nafasi mwenye duara aliyemlipa jirani yake hadi senti ya mwisho.

Tume ya Kurekebisha Sheria ilitazame hili. Kifungu cha 163 kiongezewe maneno machache: kwa makosa ya mali kati ya mtu na mtu, mahakama ya rufaa iweze kupokea mapatano, imhoji mlalamikaji kama amelipwa kweli na bila kutishwa, itoze gharama ya kuchelewa, kisha ifute hatia. Wabunge wa Shinyanga na Geita wanawajua wapiga kura wao waliofungwa kwa hundi na wale waliodhulumiwa kwa hundi. Waupeleke bungeni Dodoma muswada wa marekebisho hayo.

Na wewe unayeshikilia hundi iliyodunda leo, kama mdaiwa wako ana nia ya kulipa, andikeni makubaliano na myafikishe kwa hakimu kabla ya siku ya hukumu. Kwa sheria ilivyo sasa, hiyo ndiyo siku ya mwisho.