Somo la Leo: Joto la Taji la Jua

Leo tutajifunza jinsi watu walivyopima joto la mahali wasipoweza kufika.

Kwanza nakuuliza: ukienda mbali na moto, joto huzidi au hupungua? Hupungua, kila mpishi ajua. Sasa sikia ajabu. Uso wa Jua una joto la digrii 5,500 hivi. Juu yake kuna hewa nyembamba sana iitwayo taji la Jua. Hewa hiyo huonekana kama mwanga mweupe Jua linapopatwa lote. Nayo joto lake hupita digrii milioni moja!

Jambo hili lilijulikanaje? Tarehe 7 Agosti, 1869, Jua lilipatwa huko Marekani. Mabwana wawili, Charles Young na William Harkness, kila mmoja mahali pake, walilitazama taji kwa chombo kinachogawanya mwanga katika rangi zake, kama upinde wa mvua. Wote waliona mstari wa kijani. Kila kitu kikiwa mvuke wa moto hutoa mistari yake, kama vile kila mtu alivyo na alama za vidole vyake. Lakini mstari huu haukulingana na kitu cho chote kilichojulikana. Basi wataalamu wakasema ni kitu kipya, wakakiita koroniamu.

Walikosea, na kosa hilo lilidumu miaka 70 hivi. Mwaka 1939 Walter Grotrian wa Ujerumani alianza kuligundua, na baada yake Bengt Edlén wa Uswidi akathibitisha: mstari ule ni wa chuma, chuma kile kile cha jembe lako! Atomi ya chuma ina elektroni 26. Katika taji, chuma kitoacho mstari wa kijani kimepoteza 13, yaani nusu. Hilo lahitaji joto la digrii milioni 2 hivi. Kiko pia chuma kilichopoteza 9. Hicho hutoa mstari mwekundu, na huonyesha digrii milioni 1 hivi.

Hivyo rangi zikawa kipimo cha joto. Mwaka 2010 Marekani ilirusha chombo kiitwacho Solar Dynamics Observatory, kinachopiga picha za taji kwa miali mbalimbali isiyoonekana kwa macho. Picha hizo zikiunganishwa, twapata ramani ya joto.

Maswali:
1. Koroniamu ilikuwa nini hasa?
2. Rangi zinapimaje joto?

Kwaherini. Na msilitazame Jua kwa macho matupu!