Flaneli: kitambaa cha joto chenye tabia zake

Baridi ya Juni na Julai ikishika Makete, Njombe na Lushoto, mashati mazito ya drafti hayakai sana kwenye meza za mitumba. Mengi ni ya flaneli. Wasikilizaji kadhaa wametuuliza kama yanafaa kushonea mfarishi, yaani lile funiko zito la vipande vilivyounganishwa. Yanafaa sana, ila lazima ujue unashika kitambaa gani.

Flaneli nyingi ya siku hizi ni pamba. Kikishafumwa, kitambaa hupitishwa kwenye brashi za waya zinazokwangua uso wake mpaka nyuzi fupi zisimame kama manyoya. Manyoya hayo hunasa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto la mwili. (Neno letu "fulana" lina asili moja na flaneli, ingawa fulana za leo hazina manyoya yoyote.)

Tatizo la kwanza ni kusinyaa, au kama wasemavyo mafundi, kitambaa "kurudi". Flaneli mpya hurudi kuliko pamba ya kawaida. Kupoteza sentimeta 5 katika kila mita si ajabu. Shati la mtumba limeshafuliwa mara nyingi, kwa hiyo limekwisha kurudi. Ukilishona pamoja na flaneli mpya ya dukani ambayo haijafuliwa, siku ya kwanza ya kufua ile mpya itavuta na mfarishi utajikunjakunja. Hakuna namna ya kuunyoosha tena. Fua kila kitu kwanza kwa maji ya moto kiasi, anika, piga pasi, ndipo ukate.

Tatizo la pili ni kuvutika. Kata kwa kufuata uzi wa kitambaa, usikate kwa mshazari. Ukiona kinalegea mkononi, kitie uji mwepesi wa wanga wa muhogo, kikauke, ukipige pasi. Pasi ikandamize na kuinuliwa. Ukiiburuta, vipande vya mraba vitapinda.

Kingo za flaneli huchambuka haraka. Mafundi wa mifarishi ya pamba nyepesi huacha milimita 6 tu za mshono, lakini hapa acha sentimeta 1 na robo. Hesabu yake ni hii: kipande cha sentimeta 20 kila upande, baada ya mshono, hubaki 17 na nusu. Vipande 9 kwa 12, yaani 108, vinatoa mfarishi wa takriban sentimeta 157 kwa 210. Shati kubwa la mtu mzima hutoa vipande kama 10 ukikwepa mifuko na viwiko vilivyochakaa, hivyo tafuta mashati 11. Usikate vipande vidogo sana, maana mishono itarundikana na cherehani itakwama.

Kwenye cherehani weka sindano namba 14, refusha mshono kidogo, na kila mshono ufungue pande mbili kwa pasi. Safisha vumbi la pamba kwenye bobini mara kwa mara, kabla uzi haujaanza kukatika. Ndani si lazima utie pamba: blanketi kuukuu jembamba katikati linatosha, na wengine huweka flaneli mbili tupu.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Manyoya yale yale yanayotunza joto hushika moto upesi, na mwali hutambaa juu ya kitambaa kwa kasi. Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, watoto waliungua wakiwa na nguo za kulalia za flaneli ya pamba, na mwaka 1913 ikatungwa sheria ya kuwabana wauzaji waliodai kwa uongo kwamba vitambaa vyao havishiki moto. Kwetu, ambako familia huota moto jikoni na kibatari huwekwa karibu na kitanda, hatari hiyo ipo. Mtoto asijifunike mfarishi huu akiwa karibu na mafiga au jiko la mkaa, na usiukaushe juu ya moto wakati wa mvua. Ukishika moto, mvue haraka; ukishindwa, mlaze chini na kumviringisha, kisha mwagia sehemu iliyoungua maji baridi safi kwa dakika 20 na umpeleke kituo cha afya.

Mara ya kwanza ufue mfarishi peke yake, hasa wenye drafti nyekundu, kwani rangi hutoka.