Mzigo wa Msafiri: Starehe na Ugeni katika Njia ya Bagamoyo na Ujiji

Katika karne ya 19, safari ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa mwendo wa kilomita zipatazo 1,200, na karibu kila kitu kilichosafirishwa kilikwenda kwa nguvu za binadamu. Mbung'o waliua ng'ombe na farasi, na punda nao hawakudumu. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa kilo 30 hivi. Kwa hiyo kila starehe ambayo msafiri alitaka kuwa nayo njiani, iwe kitanda, kiti au sanduku la chai, ilipimwa kwa mabega ya watu. Historia ya njia hiyo inaonyesha wazi nani alitegemea alichokibeba, na nani alitegemea wenyeji aliowakuta.

Pwani yenyewe ilikuwa na desturi kongwe ya kumpokea mgeni. Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, alifika Mogadishu mwaka 1331 na kuikuta desturi hiyo ikiwa imekamilika. Meli ilipotia nanga, vijana walitoka kwa mashua, kila mmoja na chombo cha chakula kilichofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja chakula chake na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alilala kwa mwenyeji wake na kufanya biashara kupitia kwake, na mauzo yaliyofanywa bila mwenyeji kuwapo hayakutambuliwa. Ibn Battuta, kwa kuwa alikuwa mtu wa sheria, alipelekwa kwa sultani. Alilishwa wali wa samli kwa vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na ndizi zilizopikwa katika maziwa, ndimu na pilipili za kuchachusha, tangawizi na maembe. Aliletewa pia mavazi ya mji ule, ikiwa ni pamoja na kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni mahali pa suruali, naye akayavaa kwenda kusali Ijumaa. Aliandika hayo yote kwa makini na kwa hamu ya mtu aliyetaka kujua wenzake wanaishije. Kutoka Mogadishu aliendelea hadi Mombasa na Kilwa.

Bara, waliobobea katika mwendo walikuwa Wanyamwezi. Walikuwa wakiteremka pwani na pembe za ndovu tangu kabla Mzungu yeyote hajafika kwao, na kwa vijana wengi safari ya pwani ilihesabiwa kuwa hatua ya kuingia utu uzima. Juu ya mzigo wa tajiri, mpagazi wa Kinyamwezi alichukua vyake: silaha, ngozi ya kulalia, chungu, kigoda na nafaka kidogo. Mzigo wenyewe aliuweka begani, tofauti na mpagazi wa pwani aliyeutwika kichwani. Msafara ulipofika kituoni, watu walikata miti na majani, wakajenga vibanda vya duara na kuzungusha ua wa miiba. Waliotangulia waliwaachia vibanda hivyo waliofuata. Wapagazi walijigawa katika makundi madogo yaliyokula chungu kimoja, na posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, au kitambaa cha kununulia chakula vijijini. Kirangozi alitangulia na bendera, naye ndiye aliyejua maji yako wapi na mtawala yupi anasubiri salamu.

Salamu hizo zilikuwa na gharama. Ugogo, nchi kame kati ya Mpwapwa na mbuga za Unyamwezi, ilidai hongo, yaani ushuru wa kupita, kila baada ya mwendo mfupi, nayo ililipwa kwa vitambaa na shanga. Wasafiri wengi wa Ulaya waliilalamikia katika vitabu vyao kana kwamba ni unyang'anyi mtupu. Lakini Wagogo ndio waliochimba na kutunza visima, na mamia ya watu waliopita na kiu yao waliweza kukimaliza kisima kizima kwa siku moja. Msafiri aliyelielewa jambo hilo alikaa, akajadiliana, akalipa na kuondoka salama.

Wapagazi walikuwa na njia zao nyingine za kupunguza ugeni. Watu wa makabila mbalimbali walichanjiana na kuwa ndugu, na tangu hapo kila mmoja alikuwa na mlango wa kubisha katika nchi ya mwenzake. Utani nao ulienea na kukomaa kando ya njia hii, kati ya Wanyamwezi na makabila ya njiani na ya pwani. Aliyefariki mbali na kwao hakukosa mtani wa kumzika. Kwa mtu asiye na hema wala sanduku la dawa, uhusiano wa namna hiyo ulikuwa kinga bora kuliko bunduki.

Waarabu na Waswahili waliokaa Tabora na Ujiji walishughulikia hamu ya nyumbani kwa namna yao. Walijenga tembe kubwa zenye kuta nene, wakaziwekea baraza na milango ya kuchonga. Kila mwaka walileteana kutoka pwani chai, kahawa, sukari na viungo, na matajiri wao walitandika mazulia ya Uajemi. Walipenda raha kama Mzungu yeyote, na raha hiyo ilibebwa na watu vilevile. Lakini mengi waliyoyakosa waliyapanda: mpunga, ngano, vitunguu, ndimu, mapapai na, zaidi ya yote, miembe. Kilimo cha mpunga kiliwafuata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hadi Manyema, katika miji ya Nyangwe na Kasongo, pamoja na kanzu na Kiswahili ambacho huko kiliitwa Kingwana. Haifai kulipamba jambo hili. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na njia iliyopeleka mbegu bara ndiyo iliyowaleta watu pwani wakiwa wamefungwa minyororo. Neema ya tembe za Tabora haielezeki bila dhuluma hiyo.

Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia bara mwaka 1857. Waliongozwa na watu wa pwani, akiwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India na ambaye baadaye angewahudumia wasafiri wengine kadhaa. Walipofika Kaze, yaani Tabora, mwezi Novemba, Snay bin Amir, mmoja wa wafanyabiashara Waarabu wa huko, aliwapa nyumba, chakula, ushauri na habari za maziwa makuu. Burton alijua Kiarabu vizuri. Mwaka 1853 alikuwa ameingia Makka akijifanya Mwislamu. Ukarimu wa wenyeji wake wa Kaze aliusifu sana. Ila kitabu chake cha mwaka 1860 kinawadharau Waafrika waliombebea mizigo na kumlisha njia nzima. Kujua lugha na kustahimili taabu hakukumfungua moyo kwa watu hao.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na karibu tani 6 za mizigo, amezigawa katika misafara 5. Nyingi zilikuwa mitumba ya vitambaa, shanga na nyaya za shaba, yaani fedha ya njiani. Nyingine zilikuwa mashua, mahema na mahitaji yake mwenyewe. Kila msomaji wa historia anajua kwamba alimkuta David Livingstone Ujiji. Chakula chao cha siku ile hakitajwi sana. Livingstone alikuwa amerudi kutoka Manyema akiwa mgonjwa na kukuta vitu vyake vimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Alikuwa akiishi kwa hisani ya majirani. Siku Stanley alipofika, mmoja wao, Sayd bin Majid, alileta sahani ya maandazi ya nyama yaliyo moto, Mohammed bin Sali akaleta kuku wa mchuzi wa bizari, na Mwinyi Kheri akaleta wali na nyama ya mbuzi. Baada ya hapo ndipo Stanley alipofungua chupa ya shampeni aliyoisafirisha kutoka pwani na kuimimina katika vikombe vya fedha. Chupa hiyo imekuwa mashuhuri kuliko sahani zile tatu, na hiyo si haki, maana wenye sahani ndio waliomtunza yule mzee.

Safari ya Stanley ya mwaka 1887 ya kumtafuta Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan, ilipitia Kongo badala ya Bagamoyo, lakini nayo inaonyesha hatari ya kutojua chakula cha nchi. Maofisa walikuwa na masanduku ya vyakula kutoka duka la Fortnum & Mason la London. Wapagazi wa Zanzibar walioachwa pamoja na baadhi ya maofisa Yambuya, kando ya mto Aruwimi, waliishi zaidi kwa muhogo. Muhogo wa huko ulikuwa mchungu, na wenyeji waliuloweka kabla ya kuupika. Wengi wa wageni hawakufanya hivyo. Njaa, maradhi na sumu ya muhogo viliua watu wengi katika kambi ile, ilhali maarifa ya kuwaokoa yalikuwa katika vijiji vya jirani. Uadui kati ya kambi na vijiji ulifanya iwe vigumu kujifunza.

May French-Sheldon, Mmarekani aliyetoka Mombasa kwenda Kilimanjaro mwaka 1891, alisafiri kwa machela iliyosukwa kwa matete na kubebwa na wapagazi. Katika masanduku yake mlikuwa na gauni la sherehe, vito na nywele bandia za rangi ya dhahabu, alizovaa alipokutana na watawala. Wapagazi walimwita Bibi Bwana. Ni rahisi kumcheka, lakini kuvaa vizuri mbele ya mtawala ni adabu ambayo wenyeji wenyewe waliifuata. Fahari yake, hata hivyo, iliwachosha watu waliomchukua mabegani.

Kaskazini mwa njia hii, Reli ya Uganda ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, na hoteli ya Norfolk ikafunguliwa Nairobi mwaka 1904. Hapo safari ikageuka kuwa biashara ya kuwinda kwa raha. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka katika kituo cha Kapiti mwaka 1909 na kukuta hema lenye sakafu ya turubai na sehemu ya kuogea. Yeye mwenyewe aliandika kwamba starehe ile ilikaribia kuzidi kiasi kwa mtu aliyezoea kambi za nyika za kwao. Vitabu vyake, vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili vistahimili jasho na vumbi, vilikuwa mzigo kamili wa mpagazi mmoja. Wapagazi wake walizidi 200.

Upande wa kusini, reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya Bagamoyo ikakosa kazi. Miembe iliyopandwa kando ya njia ilibaki. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Maelezo ya njia hiyo hayatakamilika mpaka wapagazi wapewe nafasi ya kwanza ndani yake, kwa sababu wao ndio waliojua kusafiri.